Fomu za mikopo ya chuo zamwacha mkulima njia panda

MAHINDI ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huwa yangali mabichi shambani wakati vijana waliofaulu katika KCSE wanapoitwa vyuoni. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia imekwisha kulipiwa, vibarua wa palizi wamechukua chao, na ghalani mmebaki magunia machache ya chakula. Mavuno yenyewe ni kati ya Oktoba na Desemba.

Ni katika msimu huo wa ukata ambapo mtoto wa mkulima huketi mbele ya kompyuta katika saiba ya mjini, akiwa na nambari ya kitambulisho cha babake kwenye kipande cha karatasi, na kutakiwa aeleze hali ya mapato ya nyumbani kwao ili iamuliwe atasaidiwa kwa kiasi gani.

Kwa mtoto wa mwalimu au karani, jibu limo katika hati ya mshahara. Mkulima hana hati ya mshahara. Ana risiti za mbolea, ana karatasi za chama cha ushirika, na anakumbuka bei aliyolipwa na broka mwaka uliopita. Kutokana na hayo, kijana wa miaka 18 anatarajiwa kutoa jibu moja, na jibu hilo linaweza kuamua iwapo nyumbani watauza magunia matatu ya mahindi ili kulipa karo, au watauza ng'ombe.

Mjadala wa kurahisisha maombi ya mikopo na ufadhili wa elimu ya juu umezoeleka kuachiwa wahadhiri, mawakili na viongozi wa wanafunzi. Kwa familia inayoishi kwa shamba, hili ni suala la biashara kama ilivyo bei ya mbolea.

Familia moja, madaraja matatu

Mfumo wa ufadhili uliotangazwa na Rais William Ruto mnamo Mei 2023 ulilenga kumsaidia kila mwanafunzi kulingana na uwezo wa familia yake. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, familia ziligawanywa katika madaraja matano.

Daraja la kwanza lilikuwa la familia zenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi. Hapo serikali ingetoa asilimia 70 ya gharama ya kozi kama ufadhili usiorudishwa, asilimia 25 ingekuwa mkopo, na familia ingelipa asilimia 5. Daraja la pili lilifika mapato ya Sh23,670 kwa mwezi, kwa mgao wa asilimia 60 ufadhili, 30 mkopo na 10 familia. La tatu lilifika Sh70,000, na familia ilitakiwa kulipa asilimia 20. La nne lilifika Sh120,000, na waliozidi hapo waliwekwa katika daraja la tano, ambapo mzazi alibeba asilimia 40.

Kwenye karatasi mipaka hiyo iko wazi. Shambani hali ni nyingine.

Chukua mfano wa familia yenye ekari mbili za mahindi na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Tuseme imevuna magunia 15 kwa ekari, yaani magunia 30 ya kilo 90, na bei ni Sh3,500 kwa gunia. Hizo ni Sh105,000. Tuseme pia inauza lita nane za maziwa kwa siku kwa Sh45, kwa siku 300 za mwaka. Hizo ni Sh108,000. Jumla ni Sh213,000 kwa mwaka, au Sh17,750 kwa mwezi. Familia hii iko daraja la pili.

Lakini hayo ni mauzo, si faida. Kulima, mbegu, mbolea, palizi na kuvuna vikigharimu Sh30,000 kwa ekari, na chakula cha ng'ombe, dawa na huduma ya kupandisha vikichukua Sh50,000, kinachobaki ni Sh103,000. Gawanya kwa miezi 12 upate takriban Sh8,580. Bado ni daraja la pili, ila sasa iko karibu na mpaka wa chini.

Kisha kuna chakula. Familia ikiweka magunia 12 ya kula, hayo hayafiki sokoni. Ukiyaondoa kwa bei hiyo hiyo, pesa taslimu zinazobaki ni Sh61,000 kwa mwaka, au takriban Sh5,080 kwa mwezi. Hapo familia imeshuka hadi daraja la kwanza.

Sasa tuseme mwaka unaofuata mvua ni nzuri na bei iko juu. Familia inapata magunia 20 kwa ekari na kuuza kwa Sh5,500. Mauzo ya mahindi pekee ni Sh220,000. Ukiongeza maziwa, jumla ni Sh328,000, au zaidi ya Sh27,300 kwa mwezi. Kijana akiandika mauzo badala ya faida, familia ile ile yenye ekari zile zile imepanda hadi daraja la tatu.

Hakuna aliyedanganya katika majibu hayo manne. Kila moja ni sahihi kulingana na jinsi swali lilivyoeleweka.

Tofauti yake hulipwa kwa pesa. Kwa kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, familia ya daraja la kwanza ingelipa Sh10,000, ya pili Sh20,000, na ya tatu Sh40,000. Kwa miaka minne hizo ni Sh40,000, Sh80,000 na Sh160,000. Kwa bei ya Sh3,500 kwa gunia, mgao wa mwaka mmoja wa daraja la tatu ni zaidi ya magunia 11, kati ya 30 ambayo familia ilivuna. Mkopo nao ni deni la kijana mwenyewe, linalotozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka.

Mkulima wa majanichai ana utata wa aina yake. Wakulima walio chini ya KTDA hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo walizopeleka, kisha bonasi ya mwaka ambayo kwa kawaida hulipwa kuelekea Oktoba. Anayetazama malipo ya mwezi peke yake atamwona maskini. Anayetazama akaunti wiki ya bonasi atamwona tajiri. Mfugaji wa Kajiado au Marsabit naye anaweza kuwa na mifugo ya thamani kubwa Januari na kubaki na mizoga Septemba.

Haishangazi kwamba mwaka 2024 wanafunzi na wazazi wengi walilalamika kuwa wamewekwa katika madaraja yasiyolingana na hali yao. Serikali ilifungua nafasi ya kukata rufaa na Rais akaunda kamati ya kuutathmini mfumo huo. Mnamo Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo ulikiuka Katiba, akitaja ubaguzi na kutoshirikishwa kwa umma. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo.

Mahakama zinaweza kuamua iwapo mfumo ni halali. Namna ya kupima mapato ya mkulima ni kazi itakayobaki mezani hata mfumo ubadilishwe jina mara ngapi.

Kutoka foleni hadi simu

Si kweli kwamba hakuna kilichofanywa. Tangu bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, safari ya fomu imefupika sana.

Waliosoma vyuo vikuu miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka fomu ya karatasi. Ilihitaji muhuri wa chifu, sahihi ya wakili au hakimu wa kuthibitisha kiapo, picha, nakala za vitambulisho na wadhamini. Kisha ilipelekwa hadi Anniversary Towers, Nairobi. Kwa kijana wa Lodwar au Lamu, hiyo ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajapata hata shilingi moja ya mkopo.

Baadaye maombi yalihamia kwenye intaneti, HELB ikawa na dawati katika vituo vya Huduma vilivyoanza kufunguliwa mwaka 2013, na programu ya simu pamoja na nambari *642# zikapunguza zaidi safari za mjini.

Hata hivyo, kuhamisha fomu kutoka karatasi hadi simu kumepunguza nauli kuliko kulivyopunguza maswali. Bado mwombaji anahitaji nambari za mitihani, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi au vyeti vya kifo, wadhamini na maelezo ya familia. Mtoto wa wazazi walioajiriwa huyapata haya katika faili moja nyumbani. Yatima anayelelewa na nyanya anaweza kuzunguka ofisi kadhaa kutafuta cheti cha kifo cha mzazi aliyezikwa kijijini bila kuandikishwa.

Isitoshe, mkopo ni fomu moja tu. Kuna basari ya hazina ya maeneobunge, NG-CDF, na kuna ya kaunti inayopitia wadi. Kila moja ina fomu yake, tarehe yake na mihuri yake. Zote huuliza maswali yanayokaribiana: wewe ni nani, wazazi wako ni nani, wana nini, karo ni ngapi. Familia inajaza maelezo yale yale mara tatu au nne, na kila mara kuna siku ya kazi iliyopotea, nauli ya bodaboda na pesa za kuchapisha. Gharama hizi haziandikwi popote katika bajeti ya serikali kwa sababu mlipaji ni mwombaji.

Walichojifunza Wamarekani

Kenya si ya kwanza kupambana na tatizo hili. Nchini Marekani, mwanafunzi anayetaka msaada wa serikali kuu hujaza fomu moja iitwayo FAFSA. Majimbo na vyuo vingi pia hutumia fomu hiyo hiyo kugawa misaada yao, jambo ambalo tayari ni hatua mbele ya mtindo wa fomu ya kila ofisi.

Lakini kwa miaka mingi fomu hiyo ilikuwa na maswali zaidi ya 100. Mwaka 2006 wanauchumi Susan Dynarski na Judith Scott-Clayton walionyesha kwamba mengi ya maswali hayo yalichangia kidogo sana katika kuamua kiasi cha msaada. Watu walikuwa wakiulizwa mambo ambayo majibu yake hayakubadilisha chochote.

Ushahidi mzito zaidi ulitokana na jaribio lililofanywa mwaka 2008 katika majimbo ya Ohio na North Carolina. Eric Bettinger, Bridget Terry Long na wenzao walishirikiana na kampuni ya H&R Block, ambayo huwasaidia wananchi kujaza fomu za kodi. Familia za kipato cha chini zilizokuja kushughulikia kodi zilisaidiwa papo hapo kujaza fomu ya chuo. Maelezo mengi yalikuwa tayari kwenye kompyuta ya mhudumu, hivyo kazi ilichukua takriban dakika 10 tu. Kundi lingine liliambiwa tu kiasi cha msaada ambacho lingeweza kupata, likaachwa lijaze fomu lenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Miongoni mwa vijana wa sekondari ambao familia zao zilisaidiwa, waliosoma chuo kwa miaka miwili mfululizo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 katika miaka mitatu iliyofuata. Kwa waliopewa maelezo pekee, hapakuwa na mabadiliko ya maana.

Somo hapo ni zito kwa yeyote anayedhani matangazo ya redio na mabango yanatosha. Familia hizo hazikukosa habari wala hamu. Zilikwama kwenye fomu.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurahisisha fomu hiyo mnamo Desemba 2020. Maswali yalipunguzwa hadi chini ya 50, na taarifa za mapato zikaanza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka kwa mamlaka ya kodi. Anayepokea baadhi ya misaada ya serikali kwa watu maskini hakutakiwa tena kueleza mali yake.

Wazo lilikuwa zuri lakini utekelezaji ulivurugika. Fomu ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 ilifunguliwa Desemba 30, 2023, ikiwa na hitilafu. Wazazi wasio na nambari ya hifadhi ya jamii walishindwa kuijaza. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Septemba 2024 ilisema kwamba katika miezi mitano ya kwanza, karibu robo tatu ya simu zilizopigwa kuomba usaidizi hazikujibiwa.

Kuna jambo jingine linalomhusu mkulima hasa. Fomu ya zamani haikuhesabu shamba ambalo familia inaishi na kulilima kama mali ya kulipia karo. Sheria ya 2020 iliuondoa msamaha huo, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2024/25 shamba likaanza kuhesabiwa. Mkulima wa Iowa mwenye ardhi ya bei ghali na faida ndogo akaonekana tajiri kwenye kompyuta, ingawa asingeweza kuuza kipande cha shamba kila muhula bila kuua biashara yake. Wabunge wa majimbo ya kilimo walipiga kelele, na sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 ikarudisha msamaha huo kuanzia mwaka wa masomo wa 2026/27.

Kwa hivyo kupunguza maswali peke yake hakutoshi. Fomu fupi inayochukulia ardhi kuwa ni pesa mfukoni inaweza kumuumiza mkulima kuliko fomu ndefu.

Msimu una thamani yake

Somo la pili liko karibu zaidi na nyumbani. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya, kutafuta sababu ya wakulima wengi kutotumia mbolea ingawa walijua faida yake. Duflo na Kremer baadaye walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019.

Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011, wakulima walipelekewa nafasi ya kununua mbolea mara tu baada ya mavuno, wakati pesa zipo, na kuletewa bila malipo ya usafiri msimu ulipofika. Punguzo hilo dogo, likitolewa wakati wa mavuno, liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiwango kinacholingana na kile cha punguzo kubwa zaidi la bei lililotolewa baadaye msimuni.

Maombi ya mkopo yana tabia hiyo hiyo. Yakifunguliwa kati ya Julai na Septemba, yanamkuta mkulima wa mahindi akiwa na pengo la pesa, na mgao wa familia unadaiwa kabla mahindi hayajakauka. Anayelazimika kulipa Septemba huuza mahindi mabichi, hukopa kwa broka kwa ahadi ya mavuno, au hutoa mnyama kwa bei ya haraka.

Hakuna sababu ya kungoja. Marekani ilianza kutumia mapato ya miaka miwili nyuma tangu fomu ya mwaka wa masomo wa 2017/18, na hivyo ikaweza kufungua maombi mapema. Nchini Kenya, sehemu ya fomu inayohusu familia ingeweza kujazwa Januari ya mwaka wa mwisho wa sekondari, baada ya mavuno, kijana akiwa bado na mwalimu wa kumsaidia. Matokeo ya KCSE yakitoka, kinachobaki ni kuongeza kozi na chuo. Mgao wa familia nao ungegawanywa ili sehemu kubwa ilipwe Januari, wakati mahindi yapo ghalani.

Takwimu ziko serikalini

Sehemu kubwa ya maswali ya fomu hizi inaweza kujibiwa bila kumsumbua mwombaji. Nambari za mitihani ziko kwa baraza la mitihani. Kuzaliwa na kufa huandikishwa na idara ya serikali. Mapato ya aliyeajiriwa yako kwa KRA. Baadhi ya familia zinazopokea Sh2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii zimekwisha kuchunguzwa na kukubaliwa kuwa hazijiwezi. Mtoto anayetoka katika nyumba hiyo angeweza kuingizwa daraja la kwanza bila maswali zaidi.

Mkulima naye yumo kwenye orodha. Kuelekea msimu wa upanzi wa 2023, wakulima walisajiliwa kupitia kwa machifu ili wapate mbolea ya bei nafuu, wakieleza ukubwa wa mashamba na mimea wanayokuza, kisha wakapokea ujumbe wa simu wa kuchukulia mbolea. Viwanda vya majani vina rekodi ya kila kilo. Vyama vya ushirika vya maziwa na kahawa pia vina daftari la kila mwanachama.

Rekodi hizo ndizo hati ya mshahara ya mkulima. Zikichukuliwa kwa wastani wa miaka mitatu, zikaondolewa gharama kwa kiwango kinachokubaliwa na maafisa wa kilimo wa eneo husika, zitatoa picha ya haki kuliko tarakimu moja aliyobuni kijana akiwa na haraka ya kuipisha kompyuta kwa mteja mwingine.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba mkulima anayetaka mifuko mingi ya mbolea huvutiwa kuongeza ekari, na anayetaka mkopo mkubwa huvutiwa kuzipunguza. Kulinganisha orodha hizo mbili kunaweza kumfanya aseme kweli katika zote, mradi aambiwe mapema kwamba zitalinganishwa. Ya pili ni faragha. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka mtu ajue taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani. Ruhusa inaweza kuombwa kwa swali moja mwanzoni mwa fomu.

Wapo wanaoona kwamba ugumu wa fomu una faida, kwamba asiye na shida hatajisumbua. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mzigo ungekuwa sawa kwa wote. Lakini mzazi mwenye ofisi, printa na wakili anayemfahamu hujaza fomu ngumu kwa jioni moja. Anayeachwa nje ni yule wa kijijini anayelipia kila ukurasa. Jaribio la Ohio lilihusu familia za kipato cha chini pekee, na ndizo zilizokuwa zikizuiwa na fomu iliyokusudiwa kuzisaidia.

Cha kufanya kwa sasa

Wakati marekebisho yakisubiriwa, kuna mambo ambayo familia ya mkulima inaweza kuyafanya yenyewe, na mengi hayahitaji pesa nyingi.

Cheti cha kuzaliwa kitafutwe mtoto akiwa bado sekondari. Mzazi akifariki, kifo kiandikishwe mapema, hata kama mtoto yuko darasa la chini, kwa sababu cheti hicho kitaulizwa miaka mingi baadaye. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya mitihani yakaguliwe kama yanafanana. Herufi moja iliyokosewa huweza kuzuia ombi zima.

Kijana akipata kitambulisho, asajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe badala ya kutumia ya mjomba au rafiki. Karatasi za malipo kutoka kiwandani, ushirika au bodi ya nafaka ziwekwe pamoja kwa miaka mitatu, sambamba na risiti za mbolea, mbegu na dawa za mifugo. Fomu ikiuliza mapato, mzazi na mtoto wafanye hesabu hiyo pamoja nyumbani kabla ya kwenda saiba, watenganishe mauzo na faida, na waandike walivyokokotoa.

Maombi yakitumwa, nakala ichapishwe na kuhifadhiwa. Akiwekwa daraja lisilostahili, rufaa yenye karatasi za ushirika na risiti ina uzito kuliko malalamiko matupu.

Vyama vya ushirika vingeweza kufanya zaidi. Siku ya mkutano wa mwaka, wanachama wote wapo na daftari la malipo liko mezani. Karani mmoja mwenye kompyuta angeweza kuwatolea wazazi wenye watoto wa kidato cha nne taarifa ya mapato ya miaka mitatu na kuwasaidia kujaza sehemu ya familia, kama wahudumu wa kodi walivyofanya Ohio. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mwanachama, na ingemwezesha mzazi kujua mgao wake mapema, mahindi yakiwa bado ghalani na ng'ombe akiwa bado zizini.